Eti Kanisa Halijawahi Kufundisha Hivyo

Katekista wetu anapenda sana kusema kwamba Kanisa Katoliki halibadiliki. Juzi kalisema tena wakati wa matangazo, akiwalenga vijana wanaotuhama kwenda makanisa ya maombezi. Nyuma yake ngoma zetu zimepangwa kando ya kinanda, wasichana wawili wenye kanzu nyeupe wamekaa karibu na altare, na misa nzima tumeisali kwa Kiswahili huku padre akitutazama usoni. Mimi nilikuwa kwaya, sauti ya pili. Nikamtazama mwenzangu, tukachekana kwa macho.

Maana katika hayo yote, bibi yangu mwaka 1955 asingekuta hata moja. Misa ya Kiswahili ni matunda ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ambao hati yake ya liturujia, yaani taratibu za ibada, ilitoka Desemba 1963. Ruhusa ya wasichana kutumikia misa ilitoka Roma 1994. Ngoma kwa wamisionari wengi ilikuwa upagani. Leo kwaya isiyo na ngoma inaonekana imepooza. Hata jumuiya ndogo ndogo za majirani Wakristo, ambazo usiposali huko, siku ya msiba utaulizwa maswali, zilishika kasi huku kwetu miaka ya 1970. Waulize akina mama wa rika langu, watakuambia zipo tangu mitume.

Hayo sina ugomvi nayo. Zamani mwenye kutaka kukomunika hali kitu tangu saa sita usiku. Pius wa 12 akapunguza mfungo ukawa wa saa tatu mwaka 1957, Paulo wa 6 akaufanya saa moja mwaka 1964. Watu wamesahau na hakuna aliyeumia.

Linalonikera ni la watoto wachanga.

Bibi alijifungua mtoto mwaka 1956, kijijini huko Songea. Alizaliwa usiku, akafa kabla hakujapambazuka. Bibi alikuwa amefundishwa kwamba mtoto akiwa hatarini yeyote anaweza kumbatiza: maji kichwani, maneno yake, basi. Mtungi ulikuwa mle mle chumbani. Lakini damu ilikuwa haikati, mkunga anahangaika naye, na aliyempakata mtoto alikuwa wifi yake, bado hajabatizwa, akaogopa kugusa mambo ya Wakristo. Asubuhi padre wa misheni akasema mtoto hawezi kulala ndani ya makaburi. Babu akamchimbia mwenyewe nje ya ua, upande wa mikaratusi. Wakaambiwa roho yake iko limbo: haiteseki, ila uso wa Mungu haitauona milele.

Padre yule hakutunga. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliwanyima mazishi ya kikanisa waliokufa bila ubatizo, na limbo ilikuwa imefundishwa karne na karne. Tena yenyewe ilikuja kama nafuu, maana Mtakatifu Augustino, mwalimu wa Kanisa wa karne ya tano, aliwaweka watoto hao kwenye hukumu ya moto, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Mwaka 1794 Papa Pius wa 6 aliwakemea walioidharau limbo kuwa hadithi ya wazushi. Baadaye ikaanza kufifia bila tangazo. Sheria ya 1983 inampa askofu uwezo wa kuruhusu mazishi ya kikanisa kwa watoto ambao wazazi wao walikusudia kuwabatiza. Katekisimu ya 1992, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, haiitaji limbo kabisa, inawakabidhi kwa huruma ya Mungu. Na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Taalimungu, wataalamu wanaoishauri Vatikano, kwa ridhaa ya Papa Benedikto wa 16, ikaandika kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa wanaokoka.

Habari njema. Nani alimpelekea bibi? Alikuja kuisikia kwa bahati tu, kwenye msiba wa kichanga cha jirani, padre kijana alipowafariji wafiwa kwamba mtoto yuko kwa Mungu. Baada ya mazishi bibi akamfuata, mimi nimemshika mkono, akamuuliza habari za wa kwake. Padre akajibu kwa upole wote: "Bibi, hayo yalikuwa maoni ya watu. Kanisa halijawahi kufundisha hivyo."

Kwa lugha ya seminari hakukosea sana, maana limbo haikuwahi kutangazwa kuwa dogma, yaani fundisho rasmi la lazima. Lakini bibi hakupewa kama maoni. Aliikariri kwa maswali na majibu, na mwanawe akazikwa nje ya ua kwa ajili hiyo. Njiani akaniambia, "Kumbe walikuwa hawajui," kwa hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata siku moja.

Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga kutudanganya. Fundisho likishabadilika, lile la zamani linashushwa cheo: kwanza linaitwa maoni, halafu mambo ya wazee, mwisho halikuwepo. Katekista anafundisha kilichomo katika kitabu alichopewa, na kitabu hakina ukurasa wa kusema hapa zamani tulifundisha vingine. Mwaka 2018 nililiona hili likitokea mbele ya macho yangu. Papa Fransisko alipobadilisha namba 2267 ya Katekisimu kuhusu adhabu ya kifo, iliyoiruhusu kwa nadra na sasa ikaikataa, mzee mmoja wa kwaya yetu, ambaye siku zote alitetea kunyonga wauaji kwa namba hiyo hiyo, baada ya miezi michache akawa anainukuu upya kupinga adhabu hiyo. Nikamkumbusha. Akasema hajawahi kuitetea adhabu hiyo, na naamini alikuwa anasema kweli yake.

Waliojiua nao ni vivyo hivyo. Sheria ya 1917 iliwakatalia mazishi, ile ya 1983 haiwataji tena. Kijijini kwetu wengine wanaamini katazo bado lipo, wengine wanaapa halijawahi kuwepo, na familia zilizobeba aibu ile hakuna aliyeziita kuziambia lolote.

Mimi sitaki Kanisa liache kubadilika. Nataka padre asimame Jumapili moja aseme: tuliwafundisha hivi, sasa tunafundisha hivi, na wale tuliowazika nje mtusamehe. Yohane Paulo wa 2 aliomba msamaha hadharani Machi 2000 kwa dhambi za wana wa Kanisa, kwa hiyo maneno yapo.

Mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu, nilipeleka parokiani majina ya kuombewa kwenye misa, la bibi na la mtoto yule, lile la nyumbani. Katibu, binti mdogo, akauliza jina la ubatizo. Nikamwambia hakubatizwa, na zamani watu kama yeye hawakuandikwa humu. Akanyanyua kichwa: "Kwa nini wasiandikwe?" Nikaanza kumweleza. Sikufika hata Augustino, foleni nyuma yangu ikaanza kulalamika.