Mayi ni mayi

Baba mdogo aliangusha moteri ya boti yake nje kidogo ya Kituku, bandari ndogo ya Goma kwenye Ziwa Kivu, asubuhi ya utulivu kabisa, boluti zikiwa hazikukazwa. Tulishusha kamba yenye jiwe, tukapima mita 45. Kwenye ukoo mzima mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha kuzamia, nilichokipata Mombasa, kwa hiyo macho yote yakanigeukia.

Nikawaeleza kwamba uzamiaji wa kujifurahisha unaishia mita 40, hata kwa aliyesoma zaidi yangu. Kushuka zaidi ya hapo kunataka mafunzo mengine: mitungi zaidi ya mmoja, gesi za kuchanganywa, na kupanda kwa kusimamasimama njiani ili nitrojeni itoke mwilini taratibu. Nani alinisikiliza? "Basi tafuta mwalimu," baba mdogo akasema, kana kwamba natafuta fundi wa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao.

Wa kwanza nilimpata mtaa wa Himbi. Kijana wa rika langu, mchangamfu, maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Siku nne, dola kadhaa, cheti mkononi. Alijisifu kwamba hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kufeli, nami siku hiyo niliona hiyo ni sifa. Nikamuuliza ziwa letu analipigiaje hesabu za kina na za kupanda, maana Kivu liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi.

"Mayi ni mayi, mukubwa," akanijibu, akacheka.

Sikucheka. Si kwamba nilikuwa mjuzi. Jambo hilo lilitajwa Mombasa mara moja tu, kwa kupita, ila lilinikaa kichwani kwa sababu lilinihusu mimi mtu wa Goma. Kisha nikaona mtungi. Rangi imebanduka, hauna mkanda wa gundi ulioandikwa kilichomo ndani wala kina cha mwisho cha kuupumua. "Humu muna nini?" "Hewa ya kutosha!" Nilifungua vali kidogo, nikanusa. Moshi wa petroli. Kompresa yake ilikuwa ikivuta hewa pembeni ya ekzosi ya injini yake yenyewe.

Mtu wa Goma humwambii habari za gesi. Tumekua na mazuku, gesi ya volkano inayojikusanya mabondeni na kuua bila harufu. Nilipokuwa mdogo nilimwona mbuzi wa jirani amelala kwenye shimo la mawe meusi, hana jeraha, macho wazi, kama anayesubiri kuitwa. Bibi alikuwa akitukataza kushuka mabondeni alfajiri, na akitaka kuhakikisha anatanguliza karatasi inayowaka. Moto ukizimika, anageuza. Nami nikavute nisichokijua, tena mita 45 chini? Nilimuaga kijana kwa heshima, nikamwacha na mtungi wake.

Wa pili alikuwa muzee aliyefundisha miaka mingi pwani ya Kenya, amekuja Goma kumtembelea binti yake. Hakuniuliza habari za pesa. Aliomba daftari langu, akahesabu mbizi: 23. Akauliza, "Kule chini unatafuta nini, mwanangu?"

"Moteri, muzee."

Akatikisa kichwa. Akachukua kalamu, akanipigia hesabu nyuma ya risiti ya duka: mita 45 za Kivu, kwa mtu anayetaka kupanda salama, zihesabiwe kama mita 52 hivi za baharini. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea kabisa: "Ukitoka majini unalala wapi?" Nikasema pengine Masisi, kwa shemeji. Akaniangalia kwa muda. Masisi ni milimani. Kupanda huko siku ileile ni kuiambia nitrojeni iliyobaki mwilini itoe mapovu.

Kesho yake alinipeleka majini, mita 6 tu, juu ya mawe ya lava. Kazi ilikuwa moja: kaa palepale dakika 10, usipige mguu, katikati uvue maski na kuivaa tena. Rahisi, nikafikiri. Nilipovua maski maji baridi yakanipiga usoni, nikavuta pumzi kubwa, nikaishika. Nilipofungua macho ndani ya maski, saa ya mkononi inayopima kina ilisoma mita 3. Wala sikuhisi nikipanda.

Ufukweni akaniambia hapo ndipo ningekuwa nimeruka kituo changu cha mwisho cha kusimama wakati wa kupanda. Akanitajia masharti yake: mbizi 100 kwanza, ndipo aanze kunifundisha, na hata hapo hakuahidi kwamba nitafaulu.

Jioni baba mdogo akapiga simu. Moteri inatoka lini? Nikamwambia bado mbizi 76. Akanyamaza. Kisha akauliza kama najua mtu anayeuza moteri ya mitumba.