Fomu ya kopo na mlango wangu wa bafuni

Leo naomba niongelee fomu, ile ya kwenye kopo inayotoka kama povu alafu inaganda, maana mtaani kwetu kila anayejenga fundi wake anayo siku hizi, na namna wengi wanavyoitumia kwa kweli inaniuma, mimi mwenyewe imeniharibia fremu.

Ilikuwa hivi. Tulihamia nyumba yetu huku Goba ikiwa haijaisha, kama wengi tunavyofanya, unaingia na vyumba viwili vyenye milango na mengine unamalizia ukiwa ndani. Fundi akaja kupachika fremu ya mlango wa bafuni, ukutani pakabaki uwazi wa kama sentimita tatu kila upande. Zamani pale pangejazwa zege na vipande vya tofali, yeye akatoa kopo la mililita 750, akaanza chini akapanda mpaka juu akashuka upande wa pili, kopo zima likaishia pale, uwazi umejaa mpaka unamwagika. Dakika tano kazi imeisha, nikamlipa na nikamshukuru.

Asubuhi mke wangu ananiita, baba njoo, mlango haufungi. Nikaleta pima maji, ile rula ya fundi ya kupimia unyoofu, nikaiegemeza kwenye mguu wa fremu, katikati mbao imebinuka kuja ndani, unaona kabisa mwanga unapita juu na chini ya pima maji. Kumbe ile kitu usiku kucha ilikuwa inaumuka kama maandazi yaliyozidishiwa hamira, na ilipokosa pa kwenda ikasukuma mbao, maana ukuta hauendi popote. Ikabidi nichukue msumeno niikate fomu yote pembeni, mguu mmoja ukarudi, wa pili ulishapasuka pale kwenye kiungo, nikanunua mbao nyingine.

Tangu siku hiyo hizi kazi nazifanya mwenyewe, na nimeshaziba madirisha, matundu ya mabomba, mlango wa stoo, kwa hiyo ninachosema hapa nimekifanya kwa mikono yangu.

Kwanza, fomu hii ni poliyurethani na inakauka kwa unyevu, haikaushwi na upepo wala jua kama watu wanavyodhani. Inavuta maji yaliyomo hewani na ukutani ndo inaumuka na kuganda. Sasa ukuta wetu wa tofali za sementi unakuwa mkavu na vumbi tele, ukipuliza hivohivo fomu inashika vumbi, haishiki tofali, na ndani kabisa inabaki inanatanata siku mbili. Mimi nafagia uwazi kwa brashi, alafu nachukua ile chupa ya kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, nanyunyiza maji mpaka tofali libadilike rangi lakini yasitiririke. Natikisa kopo nusu dakika hivi, nalipindua kichwa chini miguu juu, maana bila kulipindua gesi inatoka yenyewe na fomu inabaki ndani, napuliza kuanzia chini kwenda juu. Na hapa ndo pa kushika sana: jaza nusu ya uwazi tu, hata chini ya nusu. Utaona kama hujafanya kitu, roho itakuuma unataka kuongeza, acha. Subiri. Baada ya muda itapanda yenyewe mara mbili au tatu ya ulivyoweka.

Kama ni mlango au dirisha la mbao, kabla hujagusa kopo kata fito tatu zikae ndani ya fremu kwa upana, moja juu moja katikati moja chini, zibane vizuri na zisitoke mpaka kesho yake. Hadiwea kubwa zina fomu isiyoumuka sana, ya milango na madirisha, ulizia hiyo. Na skrubu lazima ziwepo jamani, ndefu, zenye plagi, vile vifuko vya plastiki vinavyotangulia kwenye tundu la ukuta, maana mlango wa mninga ni mzito na unabamizwa kila siku, fomu inaziba na kushikilia lakini mzigo haibebi.

Kuna na ile ya kugundishia, nyingine kabisa, haiumuki sana. Nimebandikia bodi ya jipsamu kwenye ukuta wa sebule uliokuwa umepinda, unapiga mistari minene ya kama sentimita tatu, unaacha kidogo pembeni isije ikachomoza, unakandamiza huku pima maji ipo juu ya bodi. Ilishika vizuri sana, hadi leo.

Nje ya nyumba nako niliumia kidogo. Tundu la bomba la AC nililiziba fomu nikaiacha wazi upande wa jua la mchana, miezi michache ilishatoka kwenye rangi ya krimu ikawa kahawia, ukiipitishia kidole inamomonyoka kama unga. Jua linaila. Ikikauka ikate kwa kisu iwe sawa na ukuta, alafu ifunike siku hizohizo kwa plasta au rangi au silikoni. Na kama nyumba ina panya, tangulize stilwaya ya kusugulia sufuria ndani ya tundu ndo upulize, fomu tupu panya anaitafuna bila shida yoyote.

Usalama sasa, na hapa nawaomba sana. Ile gesi ya ndani ya kopo inashika moto. Nyumba zetu fundi anaziba dirisha huku mwenzake anachomelea grili hapohapo, au jiko la mkaa liko koridoni, hapana, kila moto uzimwe kwanza. Fungua madirisha, watoto watoke nje, mwenye pumu asikae karibu kabisa, vaa glovu na miwani. Ikikudondokea mkononi ikiwa mbichi futa haraka kwa kitambaa, ikishakauka haitoki, utakaa nayo siku kadhaa mpaka iachie pamoja na ngozi ya juu. Kopo lisibaki kwenye gari juani.

Kopo likishafunguliwa ule mrija wa kupulizia unaganda kwa ndani, kesho hupati kitu, ndo maana mimi nasubiri kazi zifike tatu nne nazimaliza siku moja. Jumamosi hii ni dirisha la jikoni na tundu la bomba la sinki, fito nimeshazikata zipo nyuma ya mlango.