Siku Moja na Bakteria Wanaogoma

Saa 12:40 asubuhi. Hata koti la maabara sijavaa, nachungulia silinda iliyopinduliwa ndani ya maji, ambamo gesi ya usiku, yenye haidrojeni ninayoitafuta kutoka kwa bakteria wangu, hujikusanya. Mstari umesogea kidogo tu. Napima pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi: 4.3. Wamegoma. Bakteria hawa wakila glukosi hutoa asidi, na asidi ikizidi huwageukia wenyewe; mimi nawataka karibu na 5.5. Natia kostiki soda, inayopunguza asidi, tone kwa tone, kisha nasubiri. Kiputo cha kwanza kinapanda baada ya nusu saa hivi.

Saa 3. Nachemsha tope la majitaka, ninakowatoa bakteria wangu, kwa dakika 45, ukiniona utadhani napika. Nawaua viumbe watengenezao metani, maana hao huila haidrojeni yote. Clostridium, bakteria watoao haidrojeni, hunusurika kwa kujifungia ndani ya spora, yaani ganda gumu. Niliwahi kufanya haraka nikachemsha dakika 10 tu. Kazi ya wiki mbili ikaishia kuwa metani.

Saa 5. Napitisha nitrojeni kwenye chupa kufukuza hewa. Haidrojenesi, kimeng'enya kinachounganisha protoni na elektroni kuwa haidrojeni, hakiivumilii oksijeni. Kizibo kilegee kidogo tu, umeumia.

Saa 7, chakula. Asidi ya butiriki, mojawapo ya zile wanazotoa bakteria, inanuka kama mafuta yaliyochacha na imeshika nguoni, kwa hiyo nakaa peke yangu.

Saa 8. Hesabu, sehemu inayonivunja moyo. Molekuli moja ya glukosi, ikivunjwa yote pamoja na maji, ingetoa molekuli 12 za haidrojeni. Bakteria wakifuata njia ya asidi ya asetiki hutoa 4 tu, na kwa njia ya butiriki 2. Zilizobaki zimelala kwenye asidi. Leo nimepata chini kidogo ya 2. Anayekuambia haidrojeni ya mabaki ya viwandani itaendesha magari kesho, muulize kwanza hiyo asidi ataipeleka wapi.

Saa 10. Naipitisha gesi kwenye kostiki soda iache humo kabonidayoksaidi, pamoja na salfidi ya haidrojeni, ambayo hata ikiwa chembe huilemaza platinamu ya seli ya mafuta, kifaa kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme. Voltimita inaonyesha 0.9. Naunganisha feni ndogo, inashuka hadi 0.6, na feni inazunguka. Dakika nne! Kwenye bomba la kutokea kunaning'inia tone la maji.

Saa 12 jioni. Naweka pampu ya kudondosha kostiki soda usiku kucha, nikiapa kwamba kesho sitakuta 4.3.