Kusaka Beetle ya zamani kwa mfuko mdogo

Tuliondoka alfajiri na basi, mimi na rafiki yangu ambaye ni fundi, kwenye begi tuna sumaku, tochi, bisibisi, jeki na ovaroli za kulalia chini ya gari, ila hela ya kununulia hatukubeba. Hilo tulikubaliana mapema kabisa, tunaenda kuangalia, tukiridhika ndo tunaongea malipo, maana ukisimama mbele ya gari unayoipenda na hela iko mfukoni akili inahama. Na hela yenyewe nilishaigawa, nusu ya kununulia, nusu haiguswi, hiyo ni ya kulehemu na breki na spea, sababu ukimpa muuzaji yote gari litakaa tu limeegeshwa mpaka liote majani.

Mi nilikuwa natafuta Beetle, sio gari nyingine. Kampuni ya Volkswagen iliendelea kuzitengeneza mpaka tarehe 30 Julai 2003 kule Puebla, Meksiko, zaidi ya milioni 21 kwa jumla, ndo maana spea bado zinapatikana na mafundi wanaoijua wapo. Injini inapozwa na hewa, hamna rejeta, hamna pampu ya maji, na imeshikwa kwenye gia boksi kwa boliti nne tu, ukizifungua na kuchomoa nyaya na mipira unaishusha chini. Zipo gari za zamani nzuri kuliko hii, nakubali, lakini taa ya nyuma ikivunjika utaitafuta mwaka mzima, na mtu mwenye hela ya kuhesabu hawezi kuishi hivyo.

Gari ya kwanza tuliyoikuta inang'aa, rangi mpya, kama ilivyokuwa kwenye picha. Fundi akatoa sumaku akaipitisha chini ya milango, haishiki, akagonga na kidole sauti ikatoka butu, puti tupu, bati hamna. Tukaaga. Nyingine hata hatukuifungua boneti, mwenyewe anasema karatasi zipo kwa ndugu yake ataziulizia, na gari isiyo na karatasi hata ukipewa bure ni mzigo.

Jioni ndo tukafika kwa mzee mmoja aliyestaafu, gari iko bandani, tairi zote hazina upepo, rangi ya bluu imepauka lakini ni ile ile ya kiwandani. Kwangu mimi rangi iliyopauka ni habari njema, inakuonyesha kila kitu, kutu kama ipo unaiona kwa macho.

Tukainua kiti cha nyuma. Upande wa kulia ndo betri inakaa, na tindikali yake ikichanganyika na unyevu inakula sakafu, kwa hiyo pale ndo pa kuanzia siku zote. Fundi akasukuma bisibisi taratibu, ikazama ikatokea chini, tundu la kupitisha ngumi. Mzee akanyamaza. Hapo hapo kwenye handaki, lile tuta linalopita katikati ya sakafu, ndo imegongwa namba ya chasisi, tukafuta vumbi, inaanza na 118. Hiyo 11 ni Beetle, na 8 ni modeli ya 1968, ambayo kiwanda kilianza kuitoa Agosti 1967. Kadi ya gari inasema namba ile ile, tarakimu kwa tarakimu.

Tundu la sakafu halikunitisha, kipande cha sakafu kinauzwa na kinalehemiwa. Kinachoua Beetle ni zile njia za hewa ya moto chini ya milango, zile ndo zinabeba bodi, zikioza gari linalegea katikati na kuzirudishia ni kazi ya kuivua bodi nzima. Tukaweka jeki pembeni tukanyanyua upande mmoja, alafu nikafungua mlango na kuufunga, nikarudia, ukaenda bila kukwama na nafasi ya pembeni iko sawa juu mpaka chini. Upande wa pili vile vile. Nikasikia moyo unatulia.

Injini ilikuwa imejam kidogo, haikuwashwa muda mrefu, ila ilizunguka kwa mkono baada ya kutoa plagi na kumwaga oili kidogo kwenye silinda. Fundi akashika puli ya nyuma akaivuta na kuisukuma, akisikiliza. Kwenye injini isiyochoka uchezaji pale ni kama milimita 0.07 mpaka 0.13, hutakiwi kusikia mlio wa kugonga, ukiusikia jua beringi kubwa zimechoka. Hakusikia kitu. Ila namba ya injini, ipo kwenye bloku chini ya dinamo, inaanza na AD, na hiyo ni injini ya cc 1600 ya miaka ya 1971 mpaka 1973. Kwa hiyo injini ilibadilishwa, na kadi bado ina namba ya zamani.

"Mzee, hii injini siyo iliyoandikwa hapa."

"Najua mwanangu, nilibadilisha mwenyewe, ya kwanza ilikatika valvu. Risiti ninayo."

Na kweli alikuwa nayo, kwenye bahasha, imekunjwa vizuri. Tukaongea kwa heshima, nikamwonyesha tundu, nikamwonyesha kadi, nikataja bei yangu na sababu zake. Hakukasirika. Tukakubaliana nalipa sehemu kwa maandishi mbele ya shahidi, yeye anaenda kusajili namba mpya ya injini, ikitoka namalizia na umiliki unahama siku hiyo hiyo. Akafanya kama alivyosema.

Kuibeba tulikodi lori linalorudi tupu, bei inakuwa ndogo sana kuliko kuita gari la kuvuta. Breki za nyuma ziligoma kuachia, fundi akalegeza nati za kurekebishia breki kisha akagonga ngoma kwa nyundo ya mbao mpaka tairi zikazunguka, tukaisukuma juu na kuifunga kamba kwenye ekseli, kwenye bampa hatukufunga.

Sasa ipo gereji. Kazi imeanza na mipira ya petroli, yote inatoka, sababu mpira uliopasuka juu ya injini ya moto ndo unaounguza hizi gari, alafu breki, alafu kile kipande cha sakafu. Rangi mwishoni kabisa, hela ikibaki.