Punje Nyeusi Juani

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 6 Juni 2012, nilishuka pwani ya Bagamoyo, jirani na soko la samaki, nikiwa na kioo cheusi namba 14 nilichoazima kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nilikwenda kuitazama sayari ya Zuhura ikikatiza mbele ya jua, tukio ambalo halitarudi hadi Desemba 2117.

Mjomba wangu alikuwa ameketi kando ya ngalawa akishona wavu, kwa kuwa kusi ilikuwa imechafua bahari. Baada ya shikamoo na marahaba alinikumbusha kwamba nyota hiyo anaijua kabla sijazaliwa, na kwamba mwezi mzima wa tano ilikuwa ikiwaka magharibi kila magharibi, kisha ikapotea. Kumbe ilikuwa ikijongea kuja kati yetu na jua.

Jua lilichomoza baada ya saa 12 na nusu, likamezwa na wingu, na kwa karibu robo saa nilijiona mjinga. Lilipojitokeza niliweka kioo machoni nikakiona kidoa cheusi, cha mviringo usio na kasoro, karibu na ukingo wa juu, mithili ya punje ya pilipili manga iliyoangukia sinia la shaba. Nikampa mjomba.

“Huyu ndiye Zuhura? Yule wangu anang’aa kama karabai.”

Nilimweleza kwamba Zuhura haina nuru yake yenyewe. Mawingu mazito yanayoifunika pande zote hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na asubuhi ile upande wenye mwanga ulikuwa umetupa kisogo. Akaniuliza kama huko kuna joto. Hapo ndipo nilipoona haya, maana miaka miwili nyuma nilimwambia kwa kujiamini kwamba sayari yenye joto kuliko zote ni Utaridi, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na jua. Utaridi hufika nyuzi 430 za Selsiasi mchana, lakini kwa kukosa hewa ya kuhifadhi joto, usiku hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Zuhura, yenye kipenyo cha kilomita 12,104, karibu sawa na Dunia, imejifunika hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayokandamiza ardhi yake takriban mara 90 kuliko hewa yetu, na joto lake hubaki karibu nyuzi 465, usiku na mchana.

“Basi huko wali umepaliwa makaa,” alisema mjomba, na sijapata kusikia maelezo bora zaidi.

Kidoa kilitoka kabla ya saa 2. Jioni nilimwonyesha Mirihi, nyekundu kwa vumbi lenye kutu ya chuma na hewa yake hafifu mno, na Zohali yenye rangi ya samli, jitu la gesi lisilo na ardhi ya kukanyaga. Alizitazama kwa adabu tu; wake alikuwa Zuhura.

Mwanzoni mwa Julai alirudi kutoka baharini alfajiri, akaniita uani na kuninyooshea kidole mashariki, ambako Zuhura ilikuwa inawaka, sayari ya Mshtarii ikiwa karibu yake.

“Karabai imewashwa upande wa pili,” alisema. “Na wali wake bado haujaiva?”