Kikantoni: kupiga, kukaanga na kula

Msemaji wa Kiswahili anaingia Kikantoni, Kichina cha Hong Kong na Guangzhou, na mtaji, maana hata kule simu hupigwa: daa2 ni kupiga (tarakimu ni toni, yaani kiwango cha sauti kinachobadili maana; 2 inapanda), na daa2 din6 waa2 ni kupiga simu. Daa2 gung1 ni kazi ya kuajiriwa.

Utamu uko kwenye caau2, kukaanga kwa moto mkali. Caau2 jau4 jyu2 ni kukaanga ngisi, na pia kumfuta mtu kazi. Mchanje ngisi mshazari upande wa ndani, mtie kwenye karai la moto: anajikunja papo hapo, kama matandiko ya mfanyakazi anayefungasha virago. Ndivyo watu wanavyoeleza asili yake. Zo2, alama ya tendo lililokwisha, hukaa katikati: caau2 zo2 jau4 jyu2. Ukiipeleka mwisho, umeharibu.

Sisi wa Mombasa hukwama kwenye sik6, kula. Tunatia irabu, inakuwa “siki”. Ifunge k bila kuiachia, na sauti iwe chini, kwa sababu sik1 ya juu ni kujua. Ukitaka kusema hujui, m4 sik1, toni ikishuka utakuwa umekataa chakula! Sigara nayo “huliwa”: sik6 jin1.