Mpango wa shule wa mwaka ujao uanze nafaka ikiwa bado uwanjani

Kila Januari hujirudia yaleyale katika shule nyingi za msingi za Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Kongwa, mkoani Dodoma. Shule zimefunguliwa, kamati inaitisha mkutano wa wazazi, inasomwa ajenda ya chakula cha mchana, watu wanaafiki kwa kauli moja. Kisha hakiletwi kitu. Wazazi hawajagoma, nafaka ndiyo imeisha. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na kati ya Januari na Machi kaya nyingi zinanunua unga kwa bei ya juu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kumdai mzazi debe wakati huo ni kumdai asichokuwa nacho.

Ndiyo maana nasisitiza mkutano wa kupanga mwaka ujao ufanyike Juni au mapema Julai, mavuno yakiwa yametoka shambani na kabla wachuuzi hawajayasomba kwenda soko la nafaka la Kibaigwa. Mwaka wa masomo ni Januari hadi Desemba, lakini mwaka wa chakula wa shule uhesabiwe Julai hadi Juni. Kinachokusanywa Julai kilishe muhula wa pili wa mwaka huu na wa kwanza wa mwaka ujao.

Mkutano usiitishwe kabla kamati ya shule haijakaa na kalamu. Mwaka una siku 194 za masomo. Mtoto mmoja akikadiriwa gramu 120 za unga na gramu 30 za maharage kwa mlo, shule ya watoto 400 inapika kilo 48 za unga na kilo 12 za maharage kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 9,312 za nafaka, yaani magunia 93 ya kilo 100, na maharage magunia 23 na ushee. Ukiyataja magunia hayo mkutanoni bila kuyagawa, watu wanakata tamaa papo hapo. Taja kwa mtoto: nafaka kilo 23 na robo, maharage kilo 6, mafuta ya kula lita moja. Hapo mzazi anaweza kupima moyoni mwake kama anaweza au hawezi. Hesabu hii ni ya dona. Shule ikikoboa, pumba inaondoka na uzito wake, na kilo hizo hazitafika Juni.

Wapo watakaouliza ruzuku ya serikali inakwenda wapi, na wana haki ya kujibiwa kwa tarakimu. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 ni za vitabu na 6,000 ndizo zinazoingia shuleni kwa uendeshaji. Gawanya 6,000 kwa siku 194, unapata kama shilingi 31 kwa siku, nazo ni za chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Mwalimu mkuu aibandike hesabu hiyo ukutani kabla ya mkutano. Manung'uniko mengi huishia hapo.

Siku ya mkutano isiangukie siku ya mnada. Inaonekana ni jambo dogo, ila ndilo linaloua akidi kuliko yote. Waulizwe wenyeviti wa vitongoji kwanza. Mialiko iseme pia kwamba mwenye kauli juu ya ghala la nyumbani afike mwenyewe, maana makubaliano ya mtu asiyeweza kufungua ghala hayana nguvu.

Jambo lingine linaloharibu ni kung'ang'ania mahindi. Kwenye ukame wa Dodoma mahindi hukauka yakiwa yanachanua, huku uwele na mtama wa jirani vikisimama. Shule inayopokea mahindi tu imewafungia mlango wazazi wenye nafaka ya uhakika. Pokeeni uwele, pokeeni mtama mweupe, kilo kwa kilo. Mtama mwekundu wenye uchungu ndio watoto huusukuma pembeni, huo uchanganywe kwenye uji. Na kipimo kiwe mizani. Debe la mahindi lina kilo 18 hadi 20 kutegemea nafaka na mpimaji, na gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita mdomo wake, halina uzito unaojulikana. Ugomvi mwingi wa "mimi nilileta zaidi" hutokana na debe.

Kupokea ndiko kunakotaka umakini kuliko yote, kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Ukungu huo unapenda nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Kama hakuna kipima unyevu, tumia chupa ya kioo na chumvi. Chupa iwe imekauka kabisa, chumvi iwe imeanikwa juani. Tia chumvi kijiko kimoja, jaza nafaka hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, nafaka hiyo irudi kwenye turubai. Hata chumvi isiponata, anikeni siku moja zaidi, kwa kuwa jaribio hili linagundua unyevu wa zaidi ya asilimia 15 tu, na mfuko usiopitisha hewa unataka nafaka isiyozidi asilimia 13.5. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zenye rangi ya kijani au nyeusi zichambuliwe. Karanga za kuchanganya kwenye uji zichambuliwe kwa ukali zaidi.

Mifuko ya PICS, ndiyo hiyo isiyopitisha hewa, inazuia dumuzi, yule mdudu anayetoboa nafaka, bila dawa, ila inataka nidhamu. Ina tabaka tatu, na kila moja inakamuliwa hewa na kufungwa peke yake. Mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta ili paka na binadamu wapite, kwa sababu panya akitoboa tundu moja kazi yote imeharibika. Fungua mfuko mmoja tu kwa wakati, uishe ndipo ufunguliwe mwingine.

Stoo iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu wa chakula, mwingine kwa mzazi wa kamati. Unga upimwe kila asubuhi kwa mahudhurio ya siku ile. Wakiwa 352 shuleni, zinatoka kilo 42 na robo. Zikitoka 48 kila siku kwa kufuata idadi ya walioandikishwa, tofauti hiyo inaonekana kwenye leja, na wazazi wakiiona mara moja mwakani hawaleti.

Kuhusu asiyekuwa nacho, mkutano uamue mapema anachoweza kutoa badala ya nafaka: kuchota maji, kupika kwa zamu, kusafisha stoo. Kaya yenye watoto watano iwekewe kikomo. Majina ya wasiotoa yasisomwe hadharani, na mtoto asinyimwe sahani wala asirudishwe nyumbani. Mchango ni makubaliano ya wazazi, nao wenyewe waufuatilie kupitia wawakilishi wa kila darasa. Mwalimu akianza kukusanya, kazi yake ya kufundisha inaingia doa.

Vyumba na vyoo vina kalenda yake. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza unaanza Oktoba, lakini idadi inaweza kujulikana Julai kwa kuwahesabu watoto wa vitongoji na kulinganisha na kadi za kliniki. Vigezo vya shule ya msingi ni watoto 45 kwa chumba, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Upungufu ufike kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla halmashauri haijaanza kuandaa bajeti, la sivyo utasubiri mwaka mwingine. Matofali yafyatuliwe kiangazi hikihiki. Ya Desemba yanalowa kabla ya kuchomwa.

Machi na Aprili mahudhurio hushuka kwa sababu watoto wanaamia, yaani wanafukuza, ndege kwenye uwele. Afadhali wazazi wakubaliane zamu za watu wazima shambani tangu Julai, kuliko kuandikiana barua za utoro baadaye.

Na kwa wenye watoto wa madarasa ya juu: mtaala mpya ulioanza 2024 unaishia darasa la sita, hivyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Kaya yenye watoto katika madarasa yote mawili inaweza kuhitaji sare na madaftari ya kidato cha kwanza kwa wawili Januari 2028. Orodha ya mahitaji ya sekondari itafutwe na kusomwa kwenye mkutano wa Julai 2027, alizeti ikiwa bado haijauzwa.